UZI: Vijana mnaoanza kazi steshenari, msome kishale cha mausi kabla hamjabonyeza

MtuWaChikongola
Wakuu salaam. Niende kwenye pointi moja kwa moja. Msimu wa korosho ukifika steshenari nyingi hapa Mtwara zinachukua vijana wa kusaidia kuchapa, maana kazi za kuingiza majina ya wakulima na kilo zao zinakuwa nyingi kweli, na wengi wa hawa vijana wamekulia kwenye simu. Kwenye simu wanatuacha mbali, tusidanganyane. Ila wakikaa kwenye kompyuta sasa ndo unaona mambo, kidole muda wote kinabonyeza, anabonyeza kwanza alafu ndo anaangalia imetokea nini.

Mi naona shida sio uzembe. Simu ina mambo mawili tu, hujagusa au umegusa. Mausi ina hatua ya katikati, unapita juu ya kitu bila kubonyeza, na hapo ndo kompyuta inakwambia ukibonyeza hapa nitafanya kitu fulani. Inakwambia kwa kubadilisha umbo la kishale. Mtu wa simu hiyo hatua hana kabisa kwa hiyo hata haangalii.

Chukua Excel, ile programu ya majedwali, ndo inayotulisha msimu huu. Chagua seli moja, yaani kisanduku kimoja cha jedwali, weka mausi katikati yake, unaona msalaba mnene mweupe. Huo ni wa kuchagua tu, haugusi kilichomo, buruta unavyotaka. Sasa sogeza taratibu mpaka ukingoni mwa ile seli, pale kwenye mstari wake, kinakuja kishale chenye vichwa vinne. Hapo ukishika na kuvuta unahamisha kilichomo, kinatoka hapa kinaenda kule. Endelea tena mpaka kona ya chini kulia kwenye kile kimraba kidogo, msalaba unakonda unakuwa mweusi. Huo mweusi unajaza. Maumbo matatu, kazi tatu tofauti, na yote yako kwenye seli moja ambayo kwenye skrini haizidi upana wa kidole gumba.

Sasa kijana anataka kuchagua kolamu ya kilo ili aipige rangi. Ameshika kwenye kona bila kuangalia. Mkulima wa juu ana kilo 850, anavuta chini, wote waliofuata wanakuwa na 850. Hakuna onyo lolote, hakuna kengele. Na hapa ndo pabaya, maana ukihamisha kwa kile kishale cha vichwa vinne ukataka kudondosha juu ya seli zenye kitu Excel inakuuliza kwanza, unataka kufuta kilichopo? Msalaba mweusi hauulizi. Unajaza tu na maisha yanaendelea, na wewe ukisevu ukafunga basi ile ya kurudisha nyuma kwa Ctrl na Z hutaipata tena.

Karibuni wenye mengine muongeze, na mkosoe.

BintiMikindani
Kaka umegusa penyewe. Mi ongezea hapohapo kwenye msalaba mweusi, unafanya mambo tofauti kutegemea umeushika kwenye nini na vijana wanachanganyikiwa wanasema kompyuta ina kirusi. Namba ya kawaida inajirudia hivyohivyo. Lakini ukivuta tarehe inaongezeka siku mojamoja, na ukivuta maandishi yanayoishia na namba mfano KRS-014 inayofuata inakuwa KRS-015, KRS-016. Ukishikilia Ctrl mambo yanageuka, namba ndo inahesabu na tarehe ndo inajirudia, na ukiangalia vizuri kuna kijumlisha kidogo kinatokea pembeni ya ule msalaba kukujulisha kwamba umegeuza. Mi hicho kijumlisha nilionyeshwa na dada mmoja wa ofisi, nilikuwa nimekaa na Excel miaka na sijawahi kukiona.

Alafu ule mweusi ukiubonyeza mara mbili harakaharaka badala ya kuvuta, unajaza wenyewe mpaka mwisho wa orodha ya kolamu ya jirani. Kwa orodha ya wakulima mia nne hiyo ni raha tupu.

Dogo_Nachingwea
Haya yote ya nini wakuu. Tumieni kiibodi. Ctrl na D inajaza chini, Ctrl na Space inachagua kolamu nzima, mausi ni ya wazee na ya kuchezea gemu. Mtu anayetegemea mausi steshenari hawezi kumaliza foleni ya asubuhi

MtuWaChikongola
@Dogo_Nachingwea sikatai, kiibodi ni spidi. Lakini kijana wa wiki ya kwanza hata Ctrl iko wapi anaitafuta kwa macho. Na mteja anayekaa mwenyewe kujaza fomu zake za chuo utamfundisha Ctrl na Space? Mausi ndo ataishika, basi aishike anaiona.

FundiMitwero
Niko Lindi, natengeneza kompyuta, ruhusa kuingia.

Kitu ambacho watu hawakijui, kishale chote kile mnachokiona sio kinachobonyeza. Kinachobonyeza ni nukta moja tu ndani yake, pikseli moja. Kwenye kishale cha kawaida nukta hiyo ni ncha ya juu kabisa. Kwenye kile kishale cha umbo la mkono, kinachokuja ukiwa juu ya linki, ni ncha ya kidole cha shahada. Kwenye ule msalaba, na kwenye kile kijiti cha maandishi chenye umbo kama herufi I, nukta iko katikati. Ndo maana mtu anaweka ule mkono wa kwenye skrini juu ya kitufe, kiganja kimekaa juu ya kitufe lakini ncha ya kidole imepita nje, anabonyeza hakitokei kitu anaanza kuipiga mausi mezani. Jamani mausi haina kosa.

BintiMikindani
Fundi hapohapo usiondoke. Nisaidie hili la duara la bluu. Mteja anatuma kuprinti, linakuja lile duara linazunguka, anaona kimya, anabonyeza printi tena, na tena. Printa ikizinduka inatoa nakala zote na karatasi ni zangu mimi, yeye analipia moja.

FundiMitwero
Hahaha dada pole, hilo lipo kila mahali.

Kuna maduara mawili wayatofautishe. Likiwa kishale kipo na kiduara kidogo pembeni yake maana yake kuna kitu kinafanyika nyuma ila wewe unaweza kuendelea, mfano umefungua programu na inakuja taratibu. Likiwa duara peke yake bila kishale maana yake subiri, hapa nilipo siwezi kukupokea. Sasa kumbe mibonyezo yako haipotei, mingi inawekwa foleni, programu ikipata nafasi inaipokea mmojammoja kama ulivyoituma. Ndo hizo nakala zako.

La pili ambalo ni muhimu zaidi, duara kuzunguka sio ushahidi kwamba kazi inaendelea. Ile picha inazungushwa na Windows yenyewe sio na programu, kwa hiyo programu inaweza kuwa imekufa kabisa na duara linazunguka vizuri tu. Windows inasubiri programu kama sekunde 5 bila kujibu chochote alafu dirisha linakuwa jeupejeupe na juu kwenye jina inaandika kwamba haijibu. Kuandika hivyo nako sio kwamba imekufa, faili zito la Excel linaweza likakaa hivyo dakika kadhaa likarudi. Mi nafungua Task Manager, lile dirisha la Windows linaloorodhesha programu zilizofunguliwa, kwa Ctrl, Shift na Esc naangalia kama ile programu inatumia prosesa au diski. Kama namba zinachezacheza naiacha. Kama iko sifuri kabisa muda mrefu, naiua.

Zamani ilikuwa shisha ya mchanga, wa Windows XP mnaikumbuka. Windows Vista ndo ilileta duara. Kwenye Mac ya kwanza ya mwaka 1984 ilikuwa saa ya mkononi, siku hizi Mac ina gurudumu la rangirangi na watu wanalichukia vilevile.

MzeeKorosho
Vijana hamjambo. Mimi nilichapa kwa taipureta miaka mingi chama cha msingi huko Tandahimba kabla hizi kompyuta hazijafika, sasa mjukuu kaniwekea moja nyumbani. Nina maswali. La kwanza, kwa nini hiki kishale kimeinama? Kingesimama wima si ndo kingeonyesha vizuri. La pili, nikiandika barua kinapotea, nakitafuta mpaka shingo inauma.

Dogo_Nachingwea
Shkamoo mzee. Kinapotea kwa sababu ya macho 😂

BintiMikindani
@Dogo_Nachingwea wewe adabu. Mzee shkamoo, usimjali huyo.

MzeeKorosho
Marahaba wajukuu. Mwacheni, na yeye atazeeka.

FundiMitwero
Shkamoo mzee. Naanza na kuinama kwa sababu ni swali zuri kuliko yote humu.

Mausi yenyewe ni kazi ya Mmarekani Douglas Engelbart na wenzake huko Stanford, Bill English ndo aliyeijenga ile ya kwanza mwaka 1964, kasha la mbao lenye magurudumu mawili chini. Tarehe 9 Disemba 1968 waliionyesha mbele ya watu San Francisco. Na kishale chao mzee kilikuwa kimesimama wima, kama unavyotaka wewe. Kuinama kulikuja miaka ya sabini kwenye maabara ya Xerox, kwenye mashine yao iliyoitwa Alto ya mwaka 1973. Kishale kilikuwa na eneo la nukta 16 kwa 16 tu, basi, hapo ndo uchore kila kitu. Sasa kwenye skrini ya nukta kubwa vile mistari inayotoka safi ni ya wima, ya kulala na ya kukatiza kona kwa kona. Kishale cha wima mabega yake mawili yote yanakuwa ya mshazari mkali, yanatoka ngazingazi, hata ncha haijulikani iko wapi. Ukikiinamisha upande mmoja unakuwa mstari wima ulionyooka, mwingine unakuwa mshazari safi wa nukta mojamoja, kinaonekana. Skrini zikawa nzuri baadaye ila watu walishazoea, kikabaki hivyohivyo.

La kupotea sasa. Dogo ametania ila hajui, sio macho peke yake. Kile kijiti cha maandishi hakina rangi yake mwenyewe, kazi yake ni kugeuza rangi ya kilicho chini yake. Kwenye karatasi nyeupe kinakuwa cheusi, kwenye weusi kinakuwa cheupe. Kwenye kijivu cha katikati ukigeuza unapata kijivu kilekile karibu, kinayeyuka. Sasa kuna kupotea kwingine, Windows ina mpangilio wa kuficha kishale unapochapa, ukisogeza mausi kidogo kinarudi.

Dawa yake, ingia Control Panel, Mouse, kwenye ukurasa wa Pointer Options, kule chini kuna kiboksi cha kuonyesha kilipo ukibonyeza Ctrl. Kiwekee tiki. Kuanzia hapo ukibonyeza Ctrl na kuachia miduara inakizunguka inakuonyesha kipo wapi. Na kwenye Settings upande wa Accessibility unaweza ukakikuza na kukipa rangi, njano au kijani ya kung'aa. Mwambie mjukuu, ni kazi ndogo sana.

MtuWaChikongola
Fundi umemwaga. Mzee kwa kuwa unaandika barua, ngoja nikuonyeshe kimoja cha Word ambacho hakuna anayekiangalia. Ukiwa ndani ya maandishi una kile kijiti. Sogeza mausi kushoto kabisa, kule kwenye ukingo mtupu wa karatasi ambako hakuna kitu. Kijiti kinageuka kishale, ila sio kile cha kawaida, hiki kimeinamia kulia, kama kimejitazama kwenye kioo. Hicho kinachagua mistari. Bonyeza mara moja mstari mzima unachaguliwa, mara mbili aya nzima, mara tatu barua yote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Sasa fikiria mtu anayebonyezabonyeza. Amepiga tatu kule pembeni, barua yote imekuwa ya bluu, haangalii skrini anaangalia vidole, anaendelea kuchapa herufi moja. Barua yote imeondoka, imebaki hiyo herufi. Ctrl na Z hapohapo, usibonyeze kingine.

Masoko_Kilwa
Mi nafanya kazi za tovuti ndogondogo, za gesti na za wavuvi wanaouza jumla. Naomba nipinge kitu ambacho nimekisikia sana kwamba mkono ukitokea basi ni linki salama bonyeza. Hapana. Kwenye ukurasa wa tovuti umbo la kishale anaamua aliyeandika ukurasa, ni mstari mmoja tu, naandika cursor: pointer na hata picha ya samaki isiyoenda popote inatoa mkono. Naweza nikaandika wait na mausi yako ikazunguka duara wakati hakuna kazi yoyote inayofanyika. Na kinyume chake vitufe vingi vya kawaida kwenye fomu havitoi mkono kabisa, kishale kinabaki kishale na kitufe kinafanya kazi vizuri.

Kwa hiyo mkono unakwambia pana kitu cha kubonyeza, basi. Kinakupeleka wapi haukwambii. Ukitaka kujua kabla ya kubonyeza weka mkono juu ya linki tulia, alafu angalia chini kushoto mwa brauza, anwani inaandikwa pale. Zile fomu feki za ajira na mikopo ya wanafunzi zinazosambaa unazikamata hapo kwa sehemu kubwa, maandishi yanasema taasisi fulani, anwani ya chini ni kitu kingine kabisa. Hata hiyo nayo kuna mjanja anaweza kuichezea, kwa hiyo ukishafika bado soma anwani ya juu kabla hujaandika nywila.

MtuWaChikongola
@Masoko_Kilwa nimekuelewa na nakubali, kwenye tovuti umbo ni neno la mwenye tovuti. Kwenye Excel na Word naliamini zaidi maana aliyetengeneza programu ndo huyohuyo aliyeweka umbo la kishale.

Dogo_Nachingwea
Na lile duara lenye mstari wa kukata? Msimu wa maombi ya vyuo nilikuwa nalikuta kwenye kitufe cha kutuma, nikadhani mtandao

Masoko_Kilwa
Hilo ni hapana. Kitufe kipo ila kimefungwa. Mara nyingi kuna sehemu juu hujajaza au umejaza vibaya, namba ya simu imepungua tarakimu, picha kubwa kupita walichoruhusu, au hujaweka tiki ya kukubali masharti. Usihangaike na kitufe, panda juu utafute penye nyekundu. Ukilikuta wakati unaburuta faili maana yake hapo huruhusiwi kudondosha.

BintiMikindani
Asante umenikumbusha kuburuta! Hii ndo kesi kubwa kuliko zote dukani kwangu, "faili langu limepotea". Mtu ana CV yake kwenye Desktop, anaiburuta kuipeleka kwenye flashi, inakopiwa, ya Desktop inabaki. Amejifunza hivyo. Kesho anaiburuta kutoka Desktop kwenda folda nyingine ya kompyuta ileile, hapo haikopiwi, inahamishwa. Anarudi Desktop haipo, analia. Windows ndo tabia yake, diski moja inahamisha, diski tofauti inakopi.

Na imeandikwa! Ukiwa bado umeshikilia, hujaachia, angalia kamaandishi kadogo chini ya kishale, kama inakopi kuna alama ya kujumlisha na neno la kukopi, kama inahamisha kuna mshale na neno la kuhamisha. Hujapenda? Usiachie kidole, shikilia Ctrl inageuka kukopi, shikilia Shift inageuka kuhamisha, au piga Esc unafuta safari yote. Mi vijana wangu nimewaambia kabla hujaachia kidole soma, wakishazoea hawapotezi tena.

FundiMitwero
@BintiMikindani hiyo ya Esc wengi hawaijui kabisa, nashukuru umeitaja.

Kingine cha haraka kwenye Excel, zile alama za reli ##### zinazotokea kwenye kolamu, sio kuharibika, kolamu ni nyembamba namba haienei. Nenda juu kwenye mpaka wa herufi za kolamu mbili mpaka uone kijiti chenye mishale kushoto na kulia, bonyeza mara mbili, inajipanua yenyewe. Ukiwa juu ya herufi yenyewe utaona kishale cheusi kinachoangalia chini, hicho kinachagua kolamu nzima, usivichanganye.

MzeeKorosho
Mjukuu amekikuza, kimekuwa cha njano kikubwa, nakiona hata nikiwa mlangoni. Nashukuruni. Ila sasa kinarukaruka, nakipeleka kulia kinaenda juu. Ni kwa sababu kimekuwa kikubwa?

FundiMitwero
Hapana mzee, ukubwa hauhusiki. Meza yako ni ya kioo?

MzeeKorosho
Kioo, ndiyo. Ile ya sebuleni.

FundiMitwero
Basi ndo hiyo. Mausi ya taa inapiga picha za uso wa meza mfululizo na kulinganisha ili ijue imesogea wapi, kwenye kioo kitupu haioni kitu cha kulinganisha. Weka karatasi au kipande cha boksi chini yake. Na igeuze uangalie pale kwenye taa, unywele au vumbi likikaa pale nako inaruka.

MzeeKorosho
Nimeweka gazeti. Imetulia.

Dogo_Nachingwea
Swali la mwisho kabla sijalala. Kuna siku nasoma PDF kinakuja kiduara chenye vimishale juu na chini na ukurasa unaanza kutembea wenyewe, nikisogeza mausi unakimbia zaidi, niliizima laptopu kwa hasira

Masoko_Kilwa
Umebonyeza gurudumu la katikati bila kujua. Ni la kusomea kurasa ndefu bila kuzungusha, kadiri unavyokiacha mbali kile kiduara ndo spidi inaongezeka. Bonyeza tena gurudumu, au popote, kinaondoka.

Dogo_Nachingwea
😂😂 na mimi ndo nilisema mausi ni ya wazee